Eglantyne Jebb, Mtetezi wa Watoto wa Adui

Katika mwezi wa Aprili, mwaka 1919, askari polisi wa London walimkamata mwanamke mmoja wa umri wa miaka 42 katika uwanja wa Trafalgar, katikati ya mji. Hakuwa na silaha, wala hakuwa amemtukana mtu. Mkononi mwake alikuwa na karatasi zilizopigwa chapa picha ya mtoto mdogo wa Austria, aliyekonda kwa njaa hata mbavu zake zikahesabika. Kosa lake lilikuwa kuzigawa karatasi hizo bila ya kibali cha mkaguzi wa maandishi wa serikali, ilhali sheria ya ulinzi wa taifa iliyotungwa mwaka 1914 ilikuwa ingali ikitumika. Askari waliomkamata walitimiza wajibu wao. Naye hakukana kwamba karatasi zile ni zake.

Jina la mwanamke huyo lilikuwa Eglantyne Jebb. Miaka mitano baadaye maneno aliyoyaandika yalikubaliwa na mkutano mkuu wa Shirikisho la Mataifa mjini Geneva, na kutokana na maneno hayo zimetoka sheria ambazo leo kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, anatakiwa kuzijua na kuzitii. Inafaa basi tumfahamu mtu huyu, tangu alikotoka hata alikofika.

UTOTO NA MASOMO

Eglantyne Jebb alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876 huko Ellesmere, katika jimbo la Shropshire, magharibi mwa Uingereza karibu na mpaka wa Wales. Wazazi wake walikuwa watu wenye mali na mashamba. Baba yake alikuwa mpenda vitabu, na mama yake aliasisi chama cha kuwafundisha watu wa vijijini kazi za mikono, ili wapate riziki na furaha ya kutengeneza kitu kwa jasho lao. Basi katika nyumba ile watoto walizoea tangu mapema kusikia kwamba mwenye nacho ana deni kwa asiye nacho.

Mwaka 1895 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kusoma historia. Wakati huo wanawake waliruhusiwa kusoma na kufanya mitihani, lakini chuo hakikuwapa shahada. Walianza kupewa mwaka 1920. Alipomaliza masomo, jamaa zake wengi walitazamia kwamba ataishi maisha ya starehe kama mabinti wengine wa tabaka lake. Yeye akachagua kazi ambayo wengi wa tabaka hilo waliidharau, yaani kufundisha shule ya msingi ya watoto wa maskini, katika mji mdogo wa Marlborough.

Hapo ndipo alipokutana na ukweli mchungu juu ya nafsi yake. Kazi ya ualimu ilimshinda. Hakuwa na kipaji cha kukaa na watoto wengi darasani, kelele zao zilimchosha, na afya yake ikadhoofika. Kabla ya kutimiza miaka miwili aliacha kazi. Hakuolewa, wala hakupata mtoto wake mwenyewe. Wale wanaodhani kwamba mtetezi wa watoto sharti awe mtu wa kubeba watoto na kucheza nao watashangaa. Bibi Jebb hakuwatetea watoto kwa sababu walimpendeza. Aliwatetea kwa sababu aliona wanadhulumiwa. Askari atalielewa jambo hili kuliko watu wengine, kwani askari hachagui nani wa kumlinda kwa kumtazama kama anapendeza.

Baada ya kuacha ualimu alihamia Cambridge kumwangalia mama yake. Huko alijiunga na chama cha kusaidia maskini, na akapewa kazi ya kuchunguza hali za watu wa mji ule. Alipita nyumba kwa nyumba, akauliza mishahara, kodi za vyumba, magonjwa, ulevi na kazi za watoto. Mwaka 1906 alitoa kitabu juu ya matokeo ya uchunguzi huo. Kazi hiyo ilimfundisha kanuni aliyoishika mpaka kufa: kwamba huruma isiyotanguliwa na upelelezi hupoteza mali na kuharibu watu. Kwanza jua wenye shida ni wangapi, wako wapi, na shida imetoka wapi. Kisha ndipo utoe msaada.

SAFARI YA MAKEDONIA

Mwaka 1913, baada ya Vita vya kwanza vya Balkani, alitumwa Makedonia na mfuko wa kusaidia wahanga wa vita. Shemeji yake, Charles Roden Buxton, mume wa mdogo wake Dorothy, alikuwa miongoni mwa viongozi wa shughuli hiyo. Nchi ile ilikuwa imepita mikononi mwa majeshi kadhaa. Vijiji vilikuwa vimechomwa, na wakimbizi walijazana katika miji bila ya chakula wala mablanketi. Miongoni mwao walikuwemo Waislamu wengi wa Kialbania waliofukuzwa makwao na washindi.

Bibi Jebb aligawa msaada aliopewa, lakini alirudi Uingereza moyo wake ukiwa mzito. Aliona kwamba kila upande ulikuwa na hadithi ya mateso uliyotendewa na upande wa pili, na kila upande ulitumia hadithi hiyo kuhalalisha mateso mapya. Mtoto wa Mserbia, wa Mbulgaria na wa Mwalbania walilia kwa sauti moja, walakini walimwengu walitaka kwanza kujua kabila la mtoto na dini yake ndipo waamue kama wamsikitikie. Aliona tena kwamba kugawa mikate baada ya vita ni kama kuteka maji kwa pakacha, maadamu vita vyenyewe vinaendelea.

VITA KUU NA MZINGIRO

Mwaka uliofuata, 1914, Ulaya nzima iliingia vitani. Dorothy Buxton alipata ruhusa ya serikali kuagiza magazeti ya nchi za kigeni, yakiwemo ya nchi za adui, akayatafsiri na kuyatoa katika jarida moja la Cambridge ili Waingereza wajue upande wa pili wanasema nini. Eglantyne alimsaidia katika kazi hiyo. Kwa njia hiyo madada wawili hawa walisoma habari ambazo raia wengi wa Uingereza hawakuzipata: kwamba huko Ujerumani na Austria njaa ilikuwa ikiua wasiopigana.

Sababu kubwa ilikuwa mzingiro wa bahari. Manowari za Uingereza na za nchi zilizoshirikiana nayo zilizuia meli zisipeleke bidhaa katika bandari za adui, na chakula kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyozuiwa. Mzingiro ni mbinu ya vita ya tangu kale, na wakuu wa jeshi walikuwa na hoja yao. Walisema kwamba adui aliyekosa chakula atashindwa upesi, na vita vikiisha upesi maisha ya askari wengi yataokolewa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa na mtu aliyepata kuona mapigano.

Lakini tarehe 11 Novemba 1918 mizinga ilinyamaza, na mzingiro haukuondolewa. Mataifa yaliyoshinda yaliendelea kuushika ili kuilazimisha Ujerumani itie sahihi mkataba wa amani. Masharti yalianza kulegezwa mnamo Machi 1919, ila mzingiro wenyewe haukuondolewa kabisa mpaka Julai mwaka huo. Katika miezi hiyo, mjini Vienna, maziwa yalikuwa adimu kama dhahabu. Kifua kikuu kilienea, na watoto wengi walikuwa na mifupa laini na miguu ya matege kwa kukosa lishe.

Na hapa kuna jambo ambalo kila askari anapaswa kulikumbuka. Si wapenda amani peke yao waliolalamika. Jenerali Plumer, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza yaliyokalia sehemu ya Ujerumani kandokando ya mto Rhine, alipeleka simu ya upepo London mnamo Machi 1919 akitaka chakula kiletwe kwa raia. Alieleza kwamba askari wake wanavunjika moyo kwa kuona wanawake na watoto wenye njaa kila siku. Askari wale wale waliopigana na Wajerumani kwa miaka minne katika mahandaki walikuwa wakikata posho zao wenyewe na kuwagawia watoto wa adui.

KORTINI

Mwanzoni mwa mwaka 1919 madada wawili hawa pamoja na wenzao walianzisha baraza la kupiga vita njaa, kusudi lake likiwa kuitaka serikali iondoe mzingiro. Ndipo Eglantyne alipokwenda uwanja wa Trafalgar na karatasi zake, na ndipo alipokamatwa.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Mei. Upande wa serikali ulisimamiwa na Sir Archibald Bodkin, mwendesha mashtaka aliyesifika kwa ukali. Bibi Jebb hakuweka wakili, alijitetea mwenyewe. Alijua kwamba kwa maandishi ya sheria hana pa kutokea, kwa hiyo hakupoteza wakati kubishana kama karatasi zilikuwa na kibali au hazikuwa nacho. Alizungumzia wajibu wa binadamu kwa mtoto anayekufa na njaa. Hakimu alimsikiliza, kisha akamwona ana hatia, akamtoza faini ya pauni 5. Adhabu hiyo ilikuwa nyepesi, maana kosa lenyewe lingaliweza kumpeleka kifungoni.

Kilichofuata kimesimuliwa mara nyingi. Mahakama ilipokwisha, Bodkin alimwendea mwanamke aliyekuwa amemshitaki dakika chache kabla, akampa noti ya pauni 5 kutoka mfukoni mwake. Bibi Jebb aliipokea kama mchango wa kwanza wa mfuko aliokuwa akikusudia kuuanzisha kwa ajili ya watoto.

Tafakari jambo hilo, ndugu askari. Mwendesha mashtaka hakuiacha kazi yake. Alisimama mbele ya hakimu, akathibitisha kosa, akapata hukumu kama alivyotakiwa na sheria. Walakini aliyoyasikia pale yalimgusa, na baada ya kumaliza kazi ya serikali alifanya kazi ya utu. Sheria haikuvunjwa, na mtoto hakusahauliwa.

MFUKO WA KUOKOA WATOTO

Tarehe 19 Mei 1919 mkutano wa hadhara uliitishwa katika ukumbi wa Albert Hall, mjini London. Ukumbi ulijaa hata watu wakakosa nafasi. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walikuja na matunda mabovu ya kuwatupia wasaliti hawa wanaotaka kuwalisha watoto wa adui. Wakati ule nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa na msiba. Kila mtaa ulikuwa na mjane na mama aliyepoteza kijana. Kuwaambia watu kama hao watoe fedha kwa ajili ya watoto wa Ujerumani na Austria kulihitaji ujasiri usio mdogo. Bibi Jebb alianza kusema kwa sauti ya chini, kisha sauti ikapanda. Alipomaliza, watu walichanga, na mfuko uitwao Save the Children, yaani Okoa Watoto, ukazaliwa usiku ule.

Kazi ilikwenda mbio. Wachimbaji wa makaa ya mawe, chini ya kiongozi wao Robert Smillie, walikuwa miongoni mwa waliochanga mapema. Kabla mwaka haujaisha Bibi Jebb alikwenda Roma kuonana na Papa Benedikto wa 15, ingawa yeye hakuwa Mkatoliki. Papa aliamuru sadaka zikusanywe katika makanisa yake duniani tarehe 28 Desemba 1919, siku ambayo Wakristo huwakumbuka watoto waliouawa na mfalme Herode. Viongozi wa madhehebu mengine nao walishirikishwa.

Tarehe 6 Januari 1920 ulianzishwa mjini Geneva umoja wa kimataifa wa mifuko ya namna hii, chini ya ulezi wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Geneva ilichaguliwa kwa kuwa Uswisi haikuwa upande wowote katika vita. Sweden tayari ilikuwa imeanzisha mfuko wake mwaka 1919, na nchi nyingine zikafuata, zikiwemo zile zilizokuwa juzi tu zikipigana. Huu ndio uliokuwa ushirikiano wa kimataifa kwa maana yake halisi: kamati za Waingereza, Wafaransa na Wajerumani zikikaa meza moja, zikihesabu makopo ya maziwa na kupanga yaende wapi kwanza.

Bibi Jebb aliuendesha mfuko wake kwa namna iliyowashtua watu wa siku zile. Alinunua kurasa nzima za magazeti kutangaza habari za njaa. Alitumia picha, na hata filamu. Alianzisha mpango ambao mchangaji alimlea mtoto mmoja kwa mbali na kupata habari zake. Waliopinga walisema kwamba matangazo ni gharama na kwamba huruma haiuzwi kama sabuni. Yeye aliona kwamba pauni moja iliyotumika vizuri kutangaza hurudi na wenzake, na kwamba mtoto mwenye njaa hana muda wa kungoja watu wastaarabike.

NJAA YA URUSI

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1921, pale njaa kali ilipoikumba Urusi, hasa majimbo ya bonde la mto Volga. Ukame ulikutana na uharibifu wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mamilioni ya watu wakawa hawana chakula. Serikali nyingi za Ulaya zilikuwa na uhasama na serikali mpya ya Kikomunisti, na majeshi yao yalikuwa yameingia Urusi miaka michache kabla. Kwa hiyo magazeti kadhaa ya Uingereza yaliuliza kwa nini fedha ziende kwa Wabolsheviki, ilhali Uingereza yenyewe ina watu wengi wasio na kazi.

Bibi Jebb na wenzake hawakuyumba. Walifanya kazi chini ya mpango wa Fridtjof Nansen, Mnorway mashuhuri aliyesimamia misaada ya Ulaya kwa Urusi. Mnamo Septemba 1921 meli iitwayo Torcello iliondoka London na tani 600 za chakula na vifaa. Mfuko ulipewa jimbo la Saratov kuwa eneo lake, ukafungua mamia ya vituo vya chakula, na kazi ilipofikia kilele chake watoto wapatao 300,000 walikuwa wakipata mlo kila siku. Kila kituo kilikuwa na orodha ya majina, kila mtoto alikuwa na kadi, na kila gunia liliandikwa. Mtu aliyefanya kazi ya bohari jeshini ataelewa kwamba hesabu kama hizo ndizo zinazotenganisha msaada na wizi.

AZIMIO LA GENEVA

Walakini Bibi Jebb alijua kwamba hawezi kukimbia nyuma ya kila njaa mpaka mwisho wa maisha yake. Alichotaka ni kwamba mlo wa mtoto usitegemee tena machozi ya mchangaji. Aliutaka uwe haki.

Mnamo mwaka 1922 na 1923 aliandika waraka mfupi sana. Inasimuliwa kwamba aliufikiria siku moja alipopanda mlima Salève, unaoutazama mji wa Geneva kutoka upande wa Ufaransa. Ulikuwa na utangulizi na vifungu vitano tu, kiasi cha kuenea katika ukurasa mmoja, ili uweze kutafsiriwa katika lugha zote na kubandikwa katika ukuta wa shule au wa kituo cha polisi.

Katika utangulizi alieleza kwamba wanadamu wote wana deni la kumpa mtoto kilicho bora walicho nacho, bila ya kujali rangi, taifa wala dini yake. Kifungu cha kwanza kilitaka mtoto apewe njia za kukua vizuri kwa mwili na kwa roho. Cha pili kilitaka mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliye nyuma asaidiwe, aliyepotoka arudishwe katika njia njema, na yatima apate makazi na matunzo. Cha tatu kilisema kwamba wakati wa maafa mtoto awe wa kwanza kupata msaada. Cha nne kilitaka aandaliwe kujipatia riziki na alindwe asinyonywe. Cha tano kilitaka alelewe akijua kwamba vipaji vyake ni vya kuwatumikia wenzake.

Umoja wa kimataifa wa mifuko ya watoto uliupitisha waraka huo mwaka 1923. Tarehe 26 Septemba 1924 mkutano mkuu wa Shirikisho la Mataifa uliukubali, ukaitwa Azimio la Geneva. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo cha mataifa kukiri kwa maandishi kwamba watoto wana mambo wanayostahili kutendewa na watu wazima wote. Hata hivyo azimio halikuwa sheria. Halikumfunga mtu, wala halikuweka adhabu. Lilikuwa ahadi, na ahadi hutimizwa au huvunjwa.

WATOTO WA AFRIKA

Kusifu bila ya kusema ukweli wote ni kumkosea heshima msomaji. Mwaka ule ule wa 1919, Bibi Jebb alipokuwa akikamatwa kwa ajili ya mtoto wa Austria, watoto wa Ugogo, katikati ya Tanganyika, walikuwa wakifa kwa njaa iliyoitwa Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita huko yakipigana. Yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, na yalichukua wanaume wakawe wapagazi. Kisha mvua zikakosekana. Katika njaa hiyo, iliyodumu toka 1917 hadi 1920, watu wapatao 30,000 walikufa. Hapakuwa na mtu katika uwanja wa Trafalgar aliyegawa picha zao.

Bibi Jebb aliishi katika dunia ya wakoloni, na macho ya dunia hiyo yalikuwa Ulaya. Lakini alipoandika kwamba rangi na taifa visitazamwe, aliandika neno kubwa kuliko matendo ya wakati wake, na katika miaka yake ya mwisho alitaka umoja wake uyatazame mabara mengine pia. Mnamo Juni 1931, baada ya kufa kwake, umoja huo uliitisha mjini Geneva mkutano juu ya watoto wa Afrika. Waliozungumza zaidi walikuwa Wazungu. Jomo Kenyatta aliutaja mkutano huo katika kitabu chake cha mwaka 1938, akiwalaumu wajumbe waliotaka kufuta mila za Waafrika kwa amri. Ilibidi Waafrika wapate uhuru wao kwanza ndipo waandike wenyewe juu ya watoto wao.

MWISHO WA SAFARI

Afya ya Bibi Jebb haikuwa nzuri tangu ujana. Alisumbuliwa na ugonjwa wa rovu, akapasuliwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo aliendelea kufanya kazi, na toka mwaka 1925 alikuwa mshauri katika kamati ya Shirikisho la Mataifa iliyoshughulikia ustawi wa watoto. Alifariki mjini Geneva tarehe 17 Desemba 1928, akiwa na umri wa miaka 52, akazikwa huko huko. Mwaka 2024, miaka mia moja baada ya Azimio, mabaki yake yalihamishiwa katika makaburi ya mji yanayotunzwa kwa ajili ya watu waliotukuka.

Shirikisho la Mataifa halikuweza kuzuia Vita Kuu ya pili, na katika vita hivyo ahadi ya 1924 ilivunjwa vibaya. Lakini waraka wenyewe haukufa. Tarehe 20 Novemba 1959 Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Mtoto, lenye msingi katika lile la Geneva. Miaka 30 baadaye, tarehe ile ile mwaka 1989, ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao ni sheria inayofunga, na karibu mataifa yote ya dunia yameuridhia. Mnamo Julai 1990 nchi za Afrika zilipitisha mjini Addis Ababa Mkataba wao juu ya haki na ustawi wa mtoto, ulioanza kutumika Novemba 1999. Mkataba huo unamtaja mtoto kuwa mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na unazitaka nchi zisimwandikishe mtoto jeshini wala kumwacha apigane.

Ahadi iliyokuwa haina adhabu sasa inayo. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague, ilimwona Thomas Lubanga wa Kongo ana hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto walio chini ya miaka 15 huko Ituri, katika miaka ya 2002 na 2003. Alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza kutolewa na mahakama hiyo, na ilihusu watoto.

Askari anayesoma habari hizi huenda kesho akasimama katika kizuizi cha barabara, akakuta lori lenye wakimbizi waliotoka upande wa pili. Huenda akaingia katika kijiji kilichokuwa kikiwalisha waasi, au akaletewa kituoni kijana wa miaka 13 aliyekamatwa na bunduki. Atakuwa na amri zake, na amri ni lazima zitiiwe. Lakini katika amri zake na katika sheria za nchi yake limo pia lile lililoandikwa na mwanamke aliyekamatwa mwaka 1919: kwamba mtoto hana upande katika vita, na kwamba pale penye maafa yeye ndiye wa kwanza kupewa maji, chakula na mahali pa kulala. Askari wa Jenerali Plumer walilijua hilo kabla halijaandikwa popote, nao waligawa posho zao.